Samaki Wachanga Ni Mali ya Nani?

Sisi wa Kamango si watu wa ziwa. Tunalima, na mto Semliki twauvuka tu tuendapo Mbau. Lakini maji ya mto ule yatoka Ziwa Edward, pale Ishango, na samaki wa ziwa hilo huuzwa Beni na Butembo, wabichi, wa moshi na wa chumvi. Kwa hiyo neno la wavuvi ni neno letu pia, maana mvuvi huvua kwa ajili ya mlaji.

Neno lenyewe ni hili. Samaki wamepungua, na wako wavuvi wanaotumia nyavu zenye matundu madogo mno, tena wanazivuta ukingoni, kwenye maji haba ambako samaki huzaa. Tuulize basi: mtu huyo anatenda dhambi? Na kama ni dhambi, amemkosea nani? Mbuzi ana mwenyewe, shamba lina mwenyewe; samaki aliye majini hana alama ya mtu.

Tumtazame kwanza ngege. Jike akisha kutaga huyachukua mayai kinywani mwake, na hata yakisha kuanguliwa watoto hukimbilia kinywani humo waonapo hatari. Amvuaye wakati huo amevua nyumba nzima. Torati ya Musa ilimruhusu mtu aliyeona kiota kuchukua makinda, lakini ilimkataza kumchukua na mama yao. Kwa ndege yawezekana kuwatenga. Kwa ngege haiwezekani. Yafaa kuacha mazalio yao yapumzike, na kutega wavu unaomwachia mdogo apite.

Pale Ishango, mwaka wa 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua vyusa vya mfupa ambavyo wataalamu wanakadiria kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Watu wamekula katika ziwa hili muda huo wote, wala hawakulimaliza. Hatusemi walikuwa watakatifu kutupita. Walikuwa wachache, na chusa humchagua samaki mmoja mmoja. Wavu wa nailoni hauchagui.

Upande wa Kongo ziwa limo ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, na serikali iliruhusu vijiji vitatu tu vya uvuvi: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vita vya tangu miaka ya 1990 vilivuruga mpango huo. Vijiji vingine viliota ukingoni, mitumbwi isiyoandikwa ikaongezeka, na wenye bunduki wakawatoza wavuvi kodi yao wenyewe. Hata viboko waliuawa: miaka ya 1970 walihesabiwa kiasi cha 29,000, na mwaka wa 2005 hawakufika 1,000. Viboko wana nini na samaki? Mavi yao ni mbolea ya maji. Huotesha vijimea ambavyo ngege hula.

Sasa turudi kwa mvuvi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa kabisa, akichukua chakula cha mwenzake ili asife, haibi. Twalikubali fundisho hilo. Mwezi wa Julai 1913 haukuwa wetu kuuona, lakini Julai 2013 twaujua: watu wa Kamango walikimbilia Bundibugyo kwa maelfu, wakaacha mashamba yao. Baba aliyekimbia hivyo, akitupa wavu usiku ili watoto wale, hatuwezi kumwita mwizi.

Lakini Tomaso alisema juu ya shida ya leo, na wavu ule hurudi majini kila usiku. Tena yapasa kuuliza wavu ni wa nani. Yuko mfanyabiashara auzaye nyavu zilizokatazwa. Yuko mwenye mtumbwi akaaye nchi kavu akingojea fungu lake. Yuko mwenye bunduki. Hao hawana njaa. Wameazima njaa ya maskini wajifunike nayo. Na sheria inayomkamata aliye mtumbwini peke yake, ikamwacha aliyemwuzia wavu, twaona imekamata nusu ya kosa.

Amekosewa nani? Mtoto wa mvuvi yule yule, na watoto wa ng'ambo ya Uganda, maana ziwa ni moja. Mtoto asiyezaliwa hawezi kwenda kushtaki kwa mwami. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka wa 2015, alifundisha kwamba dunia tumekopeshwa, nasi tutawakabidhi wajao.

Mvuvi hutujibu: nikiwaacha mimi, mwingine atawachukua. Jibu hili lina nguvu. Anayejizuia peke yake hupata hasara mara mbili. Ndiyo maana wajibu huu hautimizwi na mtu mmoja: wavuvi wote wakubaliane kuyafunga mazalio, wachague walinzi wao, na nchi mbili zisikilizane. Mwaka wa 2018 askari wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi juu ya maji hayo.

Na sisi walaji? Mama mwenye pesa kidogo hununua fungu la samaki wachanga kwa kuwa ndilo analoliweza, hatumlaumu. Mwenye pesa ya kununua samaki mzima, naye akachagua fungu lile kwa sababu ni rahisi, ana la kujibu. Mabonde ya Lubero na Butembo yana mabwawa ya ngege yaliyochimbwa kwa jembe. Kamango vijito havikosi.