Mwene Nani? Jina la Mtoto wa Nje ya Ndoa, katika Tamthilia na Kwetu

Aliyeifuatilia tamthilia ya Game of Thrones, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2019, hahitaji kuelezwa Jon Snow ni mtu wa namna gani. Jina limeshamaliza kazi. Kaskazini mwa nchi ile ya kubuni, mtoto wa bwana mkubwa aliyezaliwa nje ya ndoa huitwa Snow, yaani Theluji. Kusini huitwa Sand, Mchanga. Penye mito huitwa Rivers. Hapewi ukoo wa baba wala wa mama, anapewa hali ya hewa na udongo wa mahali alipozaliwa. Hapa Kibagabaga wapo vijana wengi wanaopenda tamthilia za wafalme na mapanga, hasa zikisimuliwa kwa Kinyarwanda na wasimulizi wa agasobanuye, na nimewahi kumsikia mmoja akiuliza: kwa nini huyu Snow asibadilishe jina tu, akapumzika? Wenzake walicheka. Mimi naona ni swali la falsafa.

Historia halisi haikuwa na orodha iliyopangwa vizuri namna ile. Sheria ya zamani ya Uingereza ilimhesabu mtoto wa nje ya ndoa kuwa mwana wa asiyekuwepo: hakuwa na wa kumrithi, na jina la ukoo alilipata kwa kuzoeleka tu, kama lakabu inavyomganda mtu. Wafalme, bila shaka, walijitungia njia yao. Mwaka 1519 Elizabeth Blount alimzalia Henry wa Nane mtoto wa kiume, naye hakuwa mke wake. Mtoto akaitwa Henry FitzRoy, maana yake mwana wa mfalme, na mwaka 1525, akiwa na miaka sita, akafanywa Duke wa Richmond. Utazame ujanja wa jina hilo. Linamtukuza baba, na papo hapo linamfungia mtoto njia ya kiti cha enzi, kwa sababu mwana halali wa mfalme hakuhitaji kuandikiwa popote kwamba ni mwana wa mfalme.

Swali langu basi ni hili. Jina ni la mtoto, lakini halielezi chochote alichokifanya yeye. Linatoa ushahidi juu ya tendo la watu wawili, tendo lililotangulia kuwapo kwake, na kila anapojitambulisha anautoa ushahidi huo upya, mara nyingi dhidi ya mama yake mzazi. Je, jamii ina haki ya kumfanya mtu ushahidi unaotembea?

Mnyarwanda anaweza kujibu upesi kwamba kwetu tatizo hilo halipo. Kwa desturi mtoto hupewa jina siku ya nane, katika sherehe ya kwita izina, na jina hilo ni lake peke yake. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuitwa Habimana, Uwimana na Ndimubanzi, na mgeni asijue kwamba wanakula sahani moja. Majina yetu ni sentensi na misemo: Mungu yupo, wa Mungu, niko kati ya maadui. (Hilo la mwisho nadhani huelekezwa kwa jirani kuliko kwa mtoto.) Siku hizi zipo familia zinazowapa watoto wote jina la baba, lakini si lazima. Kwa hiyo mtoto wa nje ya ndoa hawezi kutambulika kwa kukosa jina la ukoo, kwa kuwa hata walio halali hawana.

Jibu hilo linavutia, ila halitoshi. Aibu ilipokosa nafasi ndani ya jina ilijitafutia nafasi kwingine. Kinyarwanda kina neno ikinyendaro, mtoto aliyezaliwa na msichana ambaye hajaolewa. Sisi tunaosoma isimu tukitazame kiambishi: si umu- ya umuntu, mtu, ni iki- ya ikintu, kitu. Mtoto amehamishwa ngeli kabla hajajifunza kusema. Halafu kuna swali ambalo kila mzee huliuliza anapokutana na kijana asiyemfahamu: uri mwene nde, wewe ni mtoto wa nani? Kwa wengi ni salamu tu. Kwa mwingine ni mahakama. Wenzetu wa mwambao nao wana bin na binti, jina likiwa mnyororo wa akina baba, na pete ikikosekana kila mtu anaiona. Ng'ambo ya mpaka, katika Ziwa Bunyonyi nchini Uganda, kipo kisiwa kidogo cha Akampene, ambako Wakiga wa zamani waliwaacha wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa, wafe njaa au wachukuliwe na mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari. Pale hapakuhitajika jina maalumu. Ukatili haukuanzia kwenye jina.

Wengine husema dawa ni moja: mtoto apewe jina la baba, mambo yaishe. Tamthilia za Korea, ambazo nazo zina wapenzi wengi, zinatuonyesha kwamba hayaishi. Chini ya utawala wa Joseon, wana wa masuria walibeba ukoo wa baba zao bila tatizo, lakini walizuiwa mitihani mikubwa ya kuingilia utumishi wa serikali. Hong Gil-dong, yule shujaa wa hadithi mashuhuri ya Kikorea, analalamikia jambo dogo kuliko yote na zito kuliko yote: haruhusiwi kumwita baba yake "baba". Jina analo. Anachokosa ni ruhusa ya kulitumia.

Na wapo waliodhani dawa ni kuficha. Mfano wa hilo uko kwetu, kusini, huko Save karibu na Butare. Wakati wa ukoloni, watoto waliozaliwa na baba Wabelgiji na mama Wanyarwanda, au wa nchi jirani, walichukuliwa kutoka kwa mama zao wakawekwa katika taasisi ya masista. Uhuru ulipokaribia, takriban 300 kati yao walipelekwa Ubelgiji kulelewa na familia za watu au katika vituo. Wengi majina yao yalibadilishwa. Walipokua wakataka kuwatafuta mama zao, jina walilokuwa nalo halikuwafikisha popote. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019, wengi wao wakiwa wameshazeeka. Watoto hawa hawakuitwa Snow wala FitzRoy, na hakuna aliyeweza kusoma asili yao katika jina. Hata wao wenyewe hawakuweza.

Nchini Kenya uficho huo uliandikwa katika sheria. Sehemu ya 12 ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo ilikataza kuandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa mpaka baba mwenyewe aafiki. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliitangaza sehemu hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Ilisemekana kifungu hicho kilimlinda mwanamume asisingiziwe. Mimi nasema kilimpa aliyezaa uhuru wa kutojulikana, na huyo ndiye pekee kati ya watu watatu ambaye tumbo lake halikuweza kumtoa siri.

Kutokana na mifano hii naona tunachanganya mambo mawili. Kujua umetoka wapi ni haki ya mtoto. Kusomwa na kila mtu umetoka wapi si haki ya mtaa. Tamthilia za Kizungu zinampa mtaa kila kitu. Save ilimnyang'anya mtoto kila kitu. Jina zuri kwangu ni lile linalonyamaza barabarani, huku kitabu cha usajili kikisema kweli pale mwenyewe atakapokifungua.

Lakini hapa Rwanda kuna watoto ambao mpaka huo unapita katikati ya moyo wao. Makadirio yaliyotajwa mara nyingi yanasema kati ya 2,000 na 5,000 walizaliwa kutokana na ubakaji wa 1994. Baadhi ya mama waliwapa majina ya uchungu, na sithubutu kuwahukumu. Kwa watoto hao swali la mwene nde lina jibu ambalo huenda mama hataki kulitamka na mtoto hataki kulibeba. Nikisema kujua ni haki ya mtoto, ni lazima niongeze kwamba ni haki anayoweza kuamua kutoitumia, na kwamba mama naye si karani wa kutoa taarifa kila anapoulizwa.

Yule kijana wa agasobanuye aliyetaka Snow abadilishe jina angeshangaa kuona utaratibu wa kwetu. Anayeomba kubadilisha jina hutangaza hadharani: anaitwa nani, ni mwene fulani na fulani, anaishi mudugudu gani, na kwa nini hataki tena jina hilo. Sababu mojawapo inayojirudia katika matangazo hayo ni kwamba jina linamtia ipfunwe, aibu. Ili aibu iondoke sharti kwanza itangazwe, na majina ya wazazi yakiwa pembeni yake. Naelewa kwamba wadai wasikimbiwe na wahalifu wasijifiche. Lakini sioni mdai gani anahitaji kuijua sababu.

Waswahili wana methali, kitanda hakizai haramu. Kwa kawaida hufafanuliwa kama kanuni ya ndoa: anayezaliwa katika kitanda cha wanandoa ni wa mwenye kitanda, basi. Mimi naisikia pia kama wazee waliokataa kuuliza. Walijua kwamba baadhi ya vitanda vina siri, wakaamua mtoto asiwe ndiye wa kuitoa. Neema hiyo waliitoa kwa kitanda cha ndoa peke yake, na mtoto aliyezaliwa mkekani kwa msichana wa jirani akaendelea kuulizwa.