Moshi wa Biwi na Ukimya wa Jirani

Mtu hufagia ua wake, akakusanya majani ya mwembe, makuti makavu na makumbi ya nazi, akayafanya biwi, akalitia moto baada ya alasiri, kisha akaingia ndani kushika shughuli nyingine, na katika yote hayo hakuna alichokitenda ila chema: ardhi ni milki yake, majani yameanguka kutoka miti yake, na unadhifu ni jambo lililosifiwa na dini. Walakini moshi haukuingia ndani pamoja naye. Umekwisha kupita juu ya ukuta, umeingia katika chumba cha mtu mwingine, umekaa katika nguo zilizoanikwa na katika kifua cha mtoto mwenye pumu, na hapo ndipo linapozuka suala ambalo wengi hulidhania dogo, nami naliona kuwa ni miongoni mwa masuala mazito ya maadili: je, tendo la halali, litendwalo mahali pa halali, kwa nia njema, hubaki halali pale masalio yake yanapomwangukia asiyehusika? Wizi na dhuluma ya wazi vina hukumu zake, na kila mtu anazijua. Bali sehemu kubwa ya udhia tunaotiana sisi kwa sisi haitoki katika maovu, hutoka katika mambo mema tuliyoyaacha nusu.

Mafakihi hawakulipuuza suala hili. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis wa karne ya 14, ambaye kadhi alikuwa akimtegemea katika magomvi ya nyumba na kuta, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na ndani yake moshi umehesabiwa pamoja na uvundo na kelele katika madhara ya ujirani. Karne nyingi baadaye, dola ya Uthmaniyya ilipokusanya Majalla, yaani mkusanyo wake wa sheria, baina ya 1869 na 1876, chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha, kifungu cha 1197 kilikubali kwamba mtu hazuiwi kuitumia milki yake apendavyo, ila pale mwenziwe anapopatwa na dhara iliyopindukia. Na kifungu cha 1200, katika mifano ya dhara hiyo, kikaitaja tanuri ambayo moshi wake humfanya mwenye nyumba ya pili asiweze kukaa kwake. Na wale watoao hujjati kwamba wazee wao walichoma taka papo hapo tangu zama za zamani, wamekwisha kujibiwa mapema katika kifungu cha 7, kwamba dhara haipati uhalali kwa ukongwe wake.

Yafaa pia tujue moshi wenyewe ni kitu gani, kwa maana aghalabu tunauona kama wingu litakalopeperuka. Jani bichi, au lililolowa mvua ya jana, haliungui sawasawa. Joto la moto hutumika kwanza katika kuyakausha maji yaliyomo, na kwa hiyo biwi hufuka badala ya kuwaka, likitoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi na chembe ndogo mno, nyingi zikiwa na kipenyo kisichofika mikroni 2.5, ambazo pua haiwezi kuzizuia, nazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtu akiongeza mfuko wa plastiki au kipande cha mpira ili moto ushike, ameongeza sumu nyingine iliyo mbaya zaidi. Kisha uko wakati. Mchana, katika pwani yetu, upepo hutoka baharini na kuuchukua moshi bara. Jua lituapo upepo hutulia, hewa ya karibu na ardhi hupoa ikafunikwa na hewa yenye joto zaidi, na moshi, ukikosa pa kupandia, hutandaa mtaani kwa kimo cha madirisha. Na saa hizo ndizo tuzipendazo kuchoma, kwa sababu jua limepoa na kazi zimepungua, wala hatukumbuki kwamba ndizo pia saa ambazo jirani amerudi kupumzika.

Basi sheria inasema nini? Hupima kwa kupindukia, na hungoja mashtaka. Huko Uingereza, ambako kuchoma majani ya bustani ni ada ya kila msimu wa kupukutika, hakuna sheria ya nchi iliyoweka saa za kuwasha wala kupiga marufuku moto wenyewe. Sheria ya Kulinda Mazingira ya 1990 inaipa halmashauri uwezo wa kuingilia pale moshi unapofikia kuwa kero, na halmashauri kwa kawaida hujua hayo kwa kuletewa malalamiko. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na hiyo ni ahadi tukufu. Lakini ahadi hiyo yataka mdai, na mdai huyo ni nani? Ni mjane aliyepanga chumba kwa huyo huyo mwenye kuchoma. Ni mzee ambaye haya imemfunga kinywa. Ni bibi aliyefunga madirisha yake yote katika joto la Februari, akasema kimoyomoyo kwamba watu wa mtaa mmoja hawashtakiani kwa moshi.

Na anayethubutu kusema huambiwa kwamba anajitukuza. Katika kesi ya Aldred, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1610, mtu alishtaki kwamba zizi la nguruwe la jirani yake limemharibia hewa ya nyumba, na miongoni mwa hoja za utetezi ilikuwa hii, kwamba haimpasi mtu kuwa na pua laini kiasi hicho asiweze kustahimili harufu ya mifugo. Mahakama ilimpa haki mlalamikaji, ikaiona hewa safi kuwa ni haja ya maisha na si anasa kama mandhari ya mbali. Hoja ile, hata hivyo, haikufa mahakamani. Ingali hai katika kila mtaa, nayo hufanya watu wengi wanyamaze.

Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Iko kaida mashuhuri inayonasibishwa na Imamu Shafi, ambaye watu wa pwani hii wengi wanafuata madhehebu yake, nayo ni kwamba mwenye kunyamaza hanasibishwi na kauli yoyote. Najua kwamba Majalla, katika kifungu cha 67, imeiongezea sharti, kwamba kunyamaza mahali panapohitaji maneno huhesabiwa kuwa ni kusema, na mchoma majani aweza kulishika sharti hilo akadai kwamba jirani, akiwa ameudhika, alipaswa kutamka. Sikubali. Sharti hilo lina maana kwa mtu aliye huru kutamka na asidhurike. Ama yule ambaye neno lake litamgharimu chumba, au usalama wa salamu za asubuhi, ukimya wake si kauli, na kuufanya idhini ni kumdhulumu mara ya pili. Kwa hiyo taklifu ya kuuliza inamwangukia mwenye kiberiti, wala si mwenye kukohoa.

Kuuliza kwenyewe si kazi. Wazee wetu walijua kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto la kuwashia jiko, na moto ukawa ni kitu cha hisani kinachopita baina ya milango. Haitushindi sisi kupiga hodi kabla ya kuuwasha. “Shikamoo bibi. Nina majani nataka kuyatia moto.” “Marahaba mwanangu. Ningojee kwanza nianue nguo, na mjukuu wangu kifua kimembana, labda kesho asubuhi.” Maneno hayo machache yameleta habari ambayo hakuna afisa wa afya angeijua. Mwanachuoni Ghazali, alipozihesabu haki za jirani katika kitabu chake Ihya, alitaja hata harufu ya chungu, kwamba usimuudhi nayo ila umpakulie. Na kama harufu ya chakula ina haki hiyo, moshi wa taka, ambao hauna cha kupakuliwa, una haki kubwa zaidi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu haki za waja, kwa itikadi yetu, hazifutwi kwa toba peke yake mpaka mwenye haki asamehe. Imepokewa kutoka kwa mwanachuoni Zuhri kwamba ujirani hufika nyumba 40 kila upande, na moshi wa jioni isiyo na upepo hufika huko bila taabu. Mtu ataziendea nyumba ngapi kuomba radhi? Ni wepesi zaidi kubisha milango miwili mitatu kabla. Na jirani akikataa, biwi na lilale. Au lichimbiwe shimo pembeni mwa ua, majani yatiwe humo na kufunikwa udongo, yaoze yawe mboji ya migomba, maana hapana dharura yoyote katika majani makavu inayomlazimisha mtu kuyachoma siku ile ile.