Mzigo na Abiria

Ndugu walimu, maradhi ya Korona yalipoingia Uganda, serikali ilisimamisha magari ya abiria kuanzia tarehe 25 Machi 2020, na baada ya siku chache yakasimamishwa hata magari ya watu binafsi. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo, abiria la. Sisi ambao kazi yetu ni kupambanua maneno tuliiona amri hiyo kuwa wazi kama mchana.

Akaja jirani yetu, mwendesha bodaboda, akatuuliza: "Mwalimu, mama mgonjwa asiyeweza kutembea, huyo ni abiria au ni mzigo?" Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mgonjwa alitakiwa apate kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani ndipo apelekwe hospitali kwa gari. Na gari la kumfikisha kwenye ofisi ya kibali halikuwapo. Hata Aprili ndipo Rais alipotangaza kwamba wajawazito waende bila kibali. Uchungu wa uzazi haungoji mhuri.

Je, mtu ana wajibu wa kuitii amri asiyoielewa? Wapo wasemao kwamba wakati wa tauni utii hutangulia, maelezo hufuata. Hoja hiyo ina uzito: maradhi yalikuwa mageni, wataalamu wenyewe walikuwa wakijifunza, wala hatuwalaumu watawala kwa kubadili amri zao. Lakini mtu hutii maana, hatii sauti. Maana ikifichika, mfasiri huwa ni askari aliyesimama barabarani, na kila kizuizi huwa na sheria yake. Ajuaye kujieleza hupita. Asiyejua hunyang'anywa pikipiki.

Tarehe 4 Juni teksi zilirudi, zikibeba nusu ya abiria. Bodaboda, yenye abiria mmoja tu tena kwenye upepo, ilingoja mpaka tarehe 27 Julai. Yawezekana sababu ni kwamba juu ya pikipiki miili hugusana, na hiyo ni sababu ya haki. Lakini mtu aliyekaa miezi minne bila abiria alistahili kuelezwa, si kuamriwa tu.

Yule mama alibebwa asubuhi, ameegemezwa gunia la mkaa. Askari alipouliza, jirani yetu alijibu: "Mzigo, afande." Askari akamtazama mama, akatazama pembeni, akafungua njia. Hata leo hatujaweza kumwambia jirani yetu kwamba alisema uongo.