Kwa Wajukuu Wanaotaka Kuwa Majaji wa Biashara

Wajukuu zangu mnaosoma sheria hapa Kisangani, nasikia baadhi yenu mnautaka ujaji wa Mahakama ya Biashara. Ni kazi njema, lakini ina madai yake. Nisikilizeni.

Mahakama hizi ziliundwa kwa sheria ya tarehe 3 Julai 2001. Wanaoketi kuamua ni watatu: jaji wa kudumu, ambaye ndiye mwenyekiti, na wawili wanaotoka miongoni mwa wafanyabiashara wenyewe. Wale wawili wanajua bei ya mchele na desturi za bandari. Wewe unajua sheria. Usiwadharau, wala usiwaachie hukumu.

Kwa hiyo jifunzeni biashara kabla ya kuvaa joho. Nendeni bandarini mashua zinapofika kutoka Kinshasa, mkaulize mzigo ukilowa maji hasara ni ya nani, ya mwenye chombo au ya mwenye mali. Kaeni na mwenye duka wa hapa mjini, mtaa wa Makiso, mwone anavyoandika madeni. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mtakutana na mtu mwenye haki asiye na karatasi hata moja, naye atawatia katika mtihani mkubwa kuliko tapeli yeyote.

Andikeni sababu za hukumu kwa ukamilifu. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, na sheria hizo ndizo zinazotumika pia Dakar na Douala. Kesi iliyoanzia hapa yaweza kufika kwenye mahakama ya pamoja ya OHADA, Abidjan, mbele ya majaji wasiowahi kuona mto wetu. Watawajua kwa maandishi yenu tu.

Msikawize kesi. Mtaji wa mfanyabiashara mdogo ni wa kuzunguka. Faili lake likilala grefe, yaani ofisi ya makarani wa mahakama, mwaka mzima, atashinda kesi akiwa hana duka tena.

Lakini mtihani mkubwa zaidi uko nyumbani. Jaji wa kudumu haruhusiwi kufanya biashara, ila shemeji yake anafanya, na jirani yake anauza almasi. Siku faili la mmoja wao litakapofika mezani, sheria inawapa njia ya kujiondoa. Jiondoeni wenyewe, msingoje upande wa pili uje kuwakataa. Na anayekuja usiku na bahasha, hata akiwa mjomba, mrudisheni nayo kabla hajaketi.

Katiba yetu, kifungu cha 150, inasema jaji katika kazi yake yuko chini ya mamlaka ya sheria peke yake. Uhuru huo mmepewa. Kuulinda ni juu yenu. Anayejijua hawezi kumwambia ndugu yake hapana, na achague kazi nyingine leo, kabla hajakabidhiwa mali za watu.