Mimi Mzima: Neno la Mtoto Aliyehamishwa na Vita

Kila aliyefundishwa kuandika barua ya kirafiki kwa Kiswahili analijua fungu hili: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami. Walimu wa insha wameliandama kwa kalamu nyekundu miaka mingi, wakisema limechuja, halina habari, ni pambo la mtu aliyekosa la kusema. Ningekubaliana nao lau barua zote zingeandikwa katika safari za kawaida. Kijana anayekwenda mjini kutafuta kazi ndiye anayeingia hatarini, na mzazi aliyebaki nyumbani ndiye anayeogopa kwa niaba yake. Kijana huyo akiandika kwamba hofu yake ni juu ya waliobaki, anatoa heshima tu. Lakini yupo mwandishi mmoja ambaye kwake maneno haya ni ya kweli yalivyo, neno kwa neno: mtoto aliyeondolewa kwao kwa sababu ya vita. Yeye amepelekwa penye usalama, na waliompeleka wamebaki penye moto. Hofu yake kweli iko juu yao. Nusu ya kwanza ya fungu hilo, ile ya uzima, nayo imebeba jambo ambalo wapokeaji wengi hawalisomi. Ninadai kwamba mtoto wa namna hiyo anaposema yu mzima, anajitwika utu uzima kabla ya wakati wake ili mzazi apate kupumua. Na mkubwa anayelipokea neno hilo kama taarifa ya afya, akashukuru na kuendelea na shughuli zake, anamwachia mtoto mzigo huo.

Mfano wa karibu uko katika milima ya Kisii na Nyamira. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Abagusii, wenyeji wa milima hiyo, waliokuwa wakiishi Eldoret, Kericho na Sotik walijikuta wageni mahali walipokuwa wakilipa kodi ya nyumba, kulima, kuchuma chai au kuendesha duka. Mpakani mwa Borabu na Sotik, kwenye mashamba yaliyogawiwa Waafrika miaka ya 1960 yalipotoka mikononi mwa walowezi, nyumba zilichomwa, kama zilivyochomwa tena na tena katika miaka ya 1990. Watoto wengi wakapelekwa ndani ya milima hiyo, kwa jamaa, na mara nyingi kwa magokoro, ndivyo Abagusii wanavyomwita bibi. Si kila mzazi aliyewafuata. Huyu alikuwa na mshahara ambao haujalipwa, yule alikuwa na ng'ombe wasioweza kuachwa, mwingine alikuwa na kibanda ambacho akikipa kisogo tu hakikuti tena. Kadi za simu ziliadimika katika miji mingi ya magharibi, na barabara zilikuwa zimewekwa vizuizi. Habari zikapita kwa simu ya kuazima, kwa kipande cha karatasi, kwa kinywa cha msafiri. Zote hizo nitaziita barua, kwa kuwa mtoto aliyepewa dakika moja ya kusema huanzia pale alipofundishwa kuanzia: salamu, uzima, hofu.

Tofauti kati ya hatari na hofu ndiyo msingi wa yote. Hatari ina mahali; hukaa barabarani, mpakani, katika nyumba yenye paa la kushika moto. Kwa hiyo mtu anaweza kuondolewa hatarini kwa gari. Hofu haina mahali pengine isipokuwa ndani ya mtu, na gari likimbeba mtu limeibeba. Uingereza ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Katika siku za mwanzo za Septemba 1939 serikali iliwahamisha watu takriban milioni 1.5 kutoka miji mikubwa, wengi wao watoto wa shule, na watoto walipewa kadi ya posta ya kumjulisha mzazi anwani yao mpya. Mwaka mmoja baadaye, kuanzia Septemba 7, 1940, mabomu yalianza kumiminika London usiku baada ya usiku. Aliyekuwa shambani akila mayai ndiye aliyekuwa na sababu ya kumwogopea aliyekuwa nyumbani. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliowalea watoto wa vita huko Hampstead, waliandika wakati vita vyenyewe vikiendelea kwamba kutenganishwa na mama kuliwatikisa wadogo kuliko mabomu. Waliohamisha watoto walikuwa na haki ya kuwahamisha. Maiti hana la kuandika. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtoto aliyetolewa hatarini ametolewa pia vitani.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kimelipa neno "mzima" kazi tatu. Mzima ni aliye hai na mwenye afya. Mzima ni ambacho hakijavunjika wala kumegwa: chungu kizima, mkate mzima. Na mzima ni aliyekomaa: mtu mzima. Mtoto anapoandika, huwa amekusudia maana ya kwanza. Mzazi anayesoma huku moyo ukimdunda huitafuta ya pili: je, mwanangu hajavunjika? Ya tatu hakuna anayeikusudia, lakini ndiyo inayotendeka. Kwa kuwa mtoto aliyeamua nini mzazi aambiwe na nini asiambiwe, aliyepima nguvu za baba yake na kuona hazitoshi kubeba habari ya homa, ya matusi ya binamu, au ya jina la "mkimbizi" alilobandikwa shuleni, tayari amefanya kazi ya mtu mzima. Amemlea mzazi. Lugha imemfichulia siri yake: amesema yu mzima, naye amekuwa mzima, katika maana ambayo umri wake haujaifikia.

Mtu anayeijua Gusii anaweza kunisimamisha hapa. Atasema kwamba huko mtoto kubeba majukumu si wizi wa utoto. Ndio utoto wenyewe. Omoreri, mtoto anayemlea mdogo wake, alikuwa nguzo ya boma kabla ya shule kumchukua. Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti Gusii miaka ya 1970 na kuchapisha matokeo yao katika kitabu mwaka 1994, walionyesha kwamba mama wa Kigusii alimtuliza mtoto wake mchanga upesi, alimlisha na kumlinda usiku na mchana, lakini hakumsemesha wala kumsifu kama walivyofanya akina mama wa Marekani. Upendo ulikaa mikononi zaidi kuliko midomoni. Tena zipo kanuni za chinsoni, ile heshima yenye haya inayotenga mzazi na mwanawe, zinazomzuia mtoto kumfungulia baba yake moyo. Kwa nini basi tushangae mtoto akisema yu mzima na kunyamaza? Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali nusu yake. Ni kweli kwamba kunyamaza kwake hakuna haja ya kuwa jeraha. Lakini omoreri hubeba mtoto mgongoni akiwa mahali ambapo mama anamsikia. Mgongo ukichoka, yupo wa kupokea. Aliyepelekwa mbali anabeba mtu mkubwa kuliko yeye, na wa kumpokea ndiye huyo huyo aliyebebwa. Tena upendo ulio mikononi, mikono ikishaondolewa, hubaki bila njia. Barua inaombwa ifanye kazi ambayo malezi hayakuwahi kuikabidhi maneno.

Pingamizi la pili ni la wapenda ukweli. Kama mtoto ana homa na anaandika kwamba ni mzima, amedanganya, na uongo wa huruma ni uongo vilevile. Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alikataza uongo hata kwa muuaji anayeuliza rafiki yako kajificha wapi. Lakini mwaka uliofuata, katika kitabu chake juu ya maumbile ya binadamu, alikiri kwamba maneno ya adabu hayamdanganyi mtu, kwani kila mmoja anajua thamani yake. Mtetezi wa mtoto angeweza kukimbilia hapo na kusema fungu letu ni adabu tu. Mimi sikimbilii huko. Mtoto anataka aaminiwe. Hilo halina shaka. Ninachosema ni kwamba anaomba aaminiwe juu ya jambo la kesho. Neno lake ni la jamii moja na ahadi: nitajikaza, usiache ulichobaki kukilinda kwa ajili yangu. Ahadi haipimwi kwa kuuliza kama ililingana na hali ya mwili siku ilipotolewa. Hupimwa kwa kuuliza kama aliyeitoa alikuwa na uwezo wa kuitimiza, na kama aliyeipokea alikuwa na haki ya kuidai. Kwa kipimo hicho mtoto hana hatia ya uongo, lakini mzazi anaweza kuwa na hatia ya kupokea malipo kutoka kwa asiye na deni.

Wengine watasema sipaswi kumpa mtoto sifa hata moja, maana maneno si yake. Mwalimu ndiye anayeandika ubaoni, shangazi ndiye anayesimama nyuma ya kiti. Katika vita vya pili vya dunia ujumbe wa kifamilia wa Msalaba Mwekundu ulikuwa na kikomo cha maneno 25, nao ulipitiwa na wakaguzi; katika nafasi hiyo hakuna anayeweza kuandika zaidi ya kwamba yu hai. Lakini kanzu ya kuazima nayo humstiri mtu. Umbo lililo tayari humpa mtoto asiye na maneno njia ya kufika mlangoni. Hatari iko pengine: barua inayosomwa na mwenyeji kabla ya kutumwa huzima kila lalamiko linalomhusu mwenyeji. Wala simu haikuondoa tatizo hili, kama wanavyodhani wanaosema zama za barua zimekwisha. Mtoto anayeongea na mama yake kwa simu ya mjomba, mjomba akiwa ameketi hapo hapo na salio likiyeyuka, yuko chini ya mkaguzi na kikomo cha maneno. Sauti yake inaweza kumsaliti, na hiyo ni faida. Ndiyo maana watoto wa hivyo huongea kwa haraka.

Anayekosea kusoma si mzazi peke yake. Serikali ya Kenya ilipotangaza Operesheni Rudi Nyumbani Mei 2008, macho ya nchi yalikuwa kwenye kambi, kwenye mahema meupe yanayoonekana kwa mbali. Waliofikia kwa ndugu walipewa jina la wakimbizi wa ndani waliojumuika katika jamii, na wengi wa waliokuja Kisii na Nyamira waliangukia fungu hilo. Kwa miaka mingi walilalamika kwamba orodha za fidia ziliwapita. Mantiki iliyowapita ni ile ile ya barua iliyosomwa vibaya. Asiye katika hema ana mahali pa kulala. Mwenye mahali pa kulala ni mzima. Aliye mzima hana la kudai. Ukarimu wa magokoro, aliyegawa kitanda, ugali na kipande cha shamba ambacho tayari kilikuwa kidogo kwa wanawe, ukageuzwa kuwa ushahidi kwamba hakuna hasara iliyotokea. Mtoto na bibi yake walisema wako sawa, na nchi ikawachukulia kwa neno lao, kwa kuwa neno hilo lilikuwa rahisi kwa hazina.

Basi mtu afanyeje na barua inayosema mwandishi wake ni mzima? Kuikanusha ni kumvunjia mtoto heshima. Amejitahidi, na jitihada yake ni ya kweli. Kuikubali tu ni kumtupa. Salamu zetu zenyewe zinaonyesha njia ya tatu. Mgonjwa wa wiki nzima akiulizwa hujambo, hujibu sijambo. Kisha, muulizaji asipoondoka, huongeza: ila mguu unanisumbua. Salamu haijasema uongo. Imefungua mlango, na habari imeingia kwa mlango wa neno "ila", ambalo humjia yule tu aliyesubiri. Wajibu wa kusema ukweli kati ya waliotenganishwa na vita, kwa hiyo, uko zaidi kwa msomaji kuliko kwa mwandishi. Ni juu ya mzazi kuandika au kupiga simu tena baada ya uzima kutajwa, kuuliza juu ya viatu, juu ya usingizi, juu ya nani anayekaa naye dawati moja. Na kusema lake kwanza, kwamba yeye mwenyewe si mzima sana, ili mtoto ajue habari mbaya zinaweza kupita katika njia hii bila kumuua mtu. Gusii ina msaidizi ambaye wengine hawana, kwa kuwa chinsoni haziwabani babu, bibi na wajukuu kama zinavyowabana wazazi, na yale yasiyosemeka kwa baba husemeka jikoni kwa magokoro. Lakini kusubiri nako kuna mwisho. Watoto wa Kifini wapatao 70,000 walipelekwa Sweden wakati wa vita vya pili, na wengi wa waliorudi walikuwa wameisahau lugha ya mama zao; "ila" yao ilipokuwa tayari, haikuwa tena na ulimi wa kuitamkia. Mtoto anayesema yu mzima ana haki ya kuulizwa tena angali anaweza kujibu, na kuwa mtu mzima baadaye, siku yake itakapofika.