Somo na Deni la Jina

Katika mwambao wetu, watu wawili wenye jina moja huitana "somo". Huenda mmoja ni mvuvi na mwingine kadhi. Huenda hawana babu mmoja wala mji mmoja. Hata hivyo, wakikutana hutaniana na kuheshimiana, na mmoja akifikwa na msiba mwingine huona haya kukaa kimya. Desturi hii yatuuliza swali zito: je, jina laweza kuwafunga watu ambao damu haikuwafunga?

Na tulipime swali hili kwa jina Azania. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuongoza mabaharia, kiitwacho Periplus. Humo pwani ya Afrika Mashariki imeitwa Azania, na soko lake la mwisho Rhapta, jina litokanalo na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Mwandishi alitaja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Wenyeji walijiitaje wenyewe, hakutuambia. Basi kwetu jina hili lilikuja kwa kalamu ya mgeni aliyetafuta bidhaa.

Tazama lilikokwenda. Mwaka 1932 Evelyn Waugh, mwandishi wa Uingereza, alikiita Azania kisiwa cha kubuni katika riwaya yake Black Mischief, akakifanya mahali pa dhihaka. Mwaka 1966 wataalamu wa mambo ya kale wenye taasisi yao Nairobi walianzisha jarida liitwalo Azania, ili kuchunguza historia yetu kwa makini. Dar es Salaam ipo shule ya sekondari ya Azania, lipo kanisa la Kilutheri la Azania Front, na ipo benki ya jina hilohilo. Nao wapigania uhuru wa Pan Africanist Congress, chama kilichoundwa mwaka 1959, waliiita nchi yao Azania, maana "Afrika Kusini" lilikuwa kwao jina la upande wa dira, si jina la taifa. Baadhi yao walipata kimbilio Tanzania. Ubaguzi uliposhindwa mwaka 1994 nchi ilibaki na jina la zamani, lakini wapo waliokuwa wamekwisha kufa wakiitumaini Azania.

Mtu mgumu atasema kwamba wale wa kusini waliazima jina lisilo lao, kwa kuwa Azania ya mabaharia haikufika huko. Hoja hiyo ina ukweli wa ramani, lakini yapungukiwa na utu. Sisi tulipewa jina hilo bila ya kuulizwa; wao walilichagua, wakalilipia kwa kifungo na uhamisho. Ni nani basi mwenye haki kubwa zaidi?

Hapa ndipo ilipo tofauti. Kupewa jina si sawa na kujitwalia jina. Mtoto hakuchagua lake. Somo yake akiwa mwizi, yeye hana hatia. Lakini ajitwaliaye jina kwa kujua, awe mwenye duka, chama au shule, amechukua heshima kwa mkopo. Mwenye duka abandikaye jina la shujaa mlangoni, kisha akapunja kwenye mizani, amemwibia mnunuzi na amemwibia marehemu pia.

Kwa hiyo jina moja halifanyi udugu, wala si mali ya wa kwanza kuitwa kwalo. Ni amana ipitayo mikononi mwa wengi, na kila apitishaye huiongeza au huipunguza. Wahenga walisema: jina jema hung'ara gizani. Enyi vijana, ulizeni jina la shule yenu lilitoka wapi na nani walilibeba kabla yenu. Nanyi walimu, msiridhike kuwaeleza maana yake tu. Waulizeni vijana hao watalirudisha likiwa na hali gani.