Dole Gumba

Mama mmoja anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ukimsikia akipiga hesabu za magunia kichwani utadhani amefika kidato cha nne, lakini hajui kusoma hata jina lake. Alipofikia umri wa kwenda shule, wazazi walikuwa na ada ya mtoto mmoja, wakampeleka kaka yake. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye tayari alikuwa na mtoto mgongoni.

Mtoto huyo alikua, akafaulu, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam. Tangu akiwa darasa la tatu, kila karatasi iliyoingia nyumbani ilimsubiri yeye. Alipoondoka, mama akabaki na mbinu zake. Kwa wakala wa simu alitaja namba ya siri kwa sauti ili abonyezewe. Hospitalini alisema amesahau miwani. Sisi tunaosoma bila hata kufikiri hatujui inachosha kiasi gani kuficha jambo hilo kila siku, mbele ya kila mtu.

Msimu mmoja dagaa waliadimika, mtaji ukakata. Wakaja watu wa mikopo ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu: shilingi 300,000, fedha leo leo, riba asilimia 10. Mama akaomba alale na karatasi za mkataba. Binti wa jirani akazipiga picha, akazituma kwa kijana aliyeko chuoni pamoja na sauti ya mama: "Mwanangu, nisomee hizi. Kesho asubuhi wanataka jibu."

Sauti ilimfikia saa mbili usiku. Kesho yake alikuwa na jaribio, na mchana kikundi chao kilitakiwa kuwasilisha kazi darasani. Bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limekwisha, hivyo jioni alichapa kazi za watu kwenye steshenari ili apate nauli na chakula. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtoto asiyempenda mama yake. Alijibu, "Shikamoo mama, nitasoma baadaye," akapitiwa na usingizi juu ya daftari. Alizikumbuka zile picha siku ya tano, na wakati huo mama alikuwa ameshaweka dole gumba.

Karatasi ilisema asilimia 10 kwa wiki. Hiyo ni 30,000 kila wiki, na kwa wiki 12 riba peke yake ni 360,000, zaidi ya fedha alizokopa. Kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa namna hii ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya vitu vya ndani vitakavyochukuliwa akichelewa: friji, televisheni, makochi. Aliposhindwa kulipa vilibebwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Mama akakimbilia kwa dada yake anayeishi Magu, na binti yake mdogo akapoteza muhula mzima wa shule.

Wengi watamlaumu kijana kwa usiku ule mmoja. Mimi naona kosa lake ni la zamani zaidi, na si lake peke yake. Kwa zaidi ya miaka kumi nyumba hiyo ilikuwa na msomi, na hakuna aliyewahi kumfundisha mama. Walimsomea, wakaona inatosha. Wakasahau kwamba anayesomewa hutegemea nafasi ya mwenzake, na mwanafunzi wa chuo ni mtu asiye na nafasi. Ratiba yake ina mihadhara, majaribio, kibarua na njaa, na mama mwenye aibu hapigi simu mara ya pili.

Inauma zaidi kwa kuwa ni Mwanza. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo, ukisaidiwa na UNESCO, ulianzia kwenye mikoa hii ya Ziwa. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vya kujifunzia viliandikwa kuhusu pamba, uvuvi na ndizi, mambo ambayo wasomaji walikuwa nayo mikononi, na wengi waliofundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 9.6. Kisha nguvu ikalegea, na sensa ya 2012 ikaonyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hakujua kusoma na kuandika.

Kwa hiyo nazungumza nawe mwanafunzi unayefunga vitabu kwenda likizo ndefu, na nyumbani una mama asiyejua kusoma. Nusu saa kila jioni, baada ya vyombo kuoshwa, inatosha kuanza. Anza na jina lake, kisha majina ya bidhaa anazouza, kisha maneno yanayomuumiza mtu kwenye mikataba: riba, wiki, mwezi, faini, dhamana. Hesabu za kichwani anazijua tayari, zitumie. Usimcheke, na usimfundishe mbele ya wageni. Mkubaliane pia kwamba haweki dole kwenye karatasi yoyote mpaka isomwe kwa sauti na mtu anayemwamini, hata kama wenye fedha wamesimama mlangoni. Anza mapema, kabla chuo hakijafunguliwa.